Kuamsha macho ya tunguu: mwongozo kamili wa kuzalisha miche ya migomba nyumbani

Chukua chipukizi la mgomba, lichimbue pamoja na tunguu lake, yaani kile kiazi kilicho chini ya udongo, kisha limenye ganda moja moja. Pale ganda linaposhikana na tunguu, mahali kingo zake mbili zinapopishana, utaona kidoa cheupe kilichovimba kidogo, saizi ya punje ya mchele. Hilo ni jicho. Kila ganda lina lake, na kila jicho linaweza kuwa mgomba mzima. Ila ncha ya katikati, ile inayosukuma majani kwenda juu, huyanyamazisha yote. Ndiyo maana mgomba wenye macho chungu nzima hukupa machipukizi machache tu kwa mwaka, tena kwa wakati unaoupenda wenyewe.

Kazi yote ninayoieleza hapa ni kuiua ncha hiyo, halafu kuyapa macho vitu vitatu: usafi, unyevu na joto. Joto sisi tunaoishi chini ya milima ya Uluguru tunalo la bure, kama walivyo nalo watu wa Tanga, Pwani na Lindi. Unyevu ni ndoo chache za maji. Usafi ndio unaowashinda wengi, na ndio nitakaoupigia kelele mpaka mwisho.

Mbinu hii ilikomazwa na watafiti wa Kameruni, kwenye kituo cha utafiti wa ndizi kilichopo mji unaoitwa Njombé (si Njombe yetu ya viazi na baridi), na jina linalotajwa zaidi ni la mtafiti Moïse Kwa. Kutoka huko ilisambaa Afrika nzima kwa sababu haihitaji maabara. Miche ya maabara, ile ya chupa, ni mizuri, lakini bei yake ukizidisha kwa ekari moja utakaa chini kwanza. Hii yetu inahitaji kisu, nailoni, vumbi la mbao na uvumilivu wa miezi sita.

Kalenda kabla ya kisu

Watu huanza kwa kuchimbua machipukizi, ndipo wanaanza kutafuta vumbi la mbao. Anza upande wa pili. Jiulize unataka kupanda lini, kisha hesabu kurudi nyuma.

Kwa sisi wa masika, shimo linapokea mche mwezi Machi, mvua ikishashika. Mche unakaa kwenye kiriba wiki sita hadi nane. Kabla ya hapo tunguu linakaa kwenye boksi la vumbi la mbao lililofunikwa nailoni miezi mitatu hadi minne ukitaka kulikata mara mbili au tatu. Kwa hiyo boksi lako liwe na matunguu mwanzoni mwa Septemba, na vumbi liwe limeshachemshwa Agosti. Septemba hadi Desemba ndiyo miezi yetu ya kuchoma, na boksi hulipenda joto hilo. Ukianza Juni, macho yatalala mpaka utadhani yamekufa.

Idadi nayo ihesabu. Ukipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja inameza migomba 450 hivi. Tunguu moja lililokatwa vizuri hutoa miche 20 bila shida kubwa, na ukifika mzunguko wa tatu linaweza kupita 30, kutegemea aina. Nikitaka miche ya ekari mimi huchukua matunguu 30, maana najua machache yataoza.

Chipukizi litoke wapi

Hapa sitaharakisha. Boksi hili halichagui: ukiweka tunguu zima linazidisha uzima, ukiweka tunguu gonjwa linazidisha ugonjwa kwa kasi ileile. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua machipukizi 24 barabarani, juu ya mkokoteni, bila kuliona shamba. Yalikuwa manene, yanang'aa. Tisa yalioza ndani ya wiki mbili, na miche iliyotoka kwa yale mengine ilianza kugeuka njano ikiwa na urefu wa goti. Nilipoipasua mashina nikakuta michirizi ya kahawia. Nilikuwa nimejinunulia Panama, ule mnyauko wa fangasi, kwa pesa yangu mwenyewe, na kile kipande cha shamba hakijapandwa Kisukari tena mpaka leo, kwa sababu fangasi wake hukaa kwenye udongo miaka mingi.

Kwa hiyo nenda shambani mwenyewe, mchana, na uzunguke shamba zima kabla hujauliza bei. Unatafuta mambo haya.

Mnyauko wa bakteria, ule ambao watu wa Kagera wanauita unyanjano: ndizi zinaiva kabla ya wakati na bila mpangilio kwenye mkungu mmoja, ukizikata ndani ni za kahawia, na ua dume linanyauka. Kata shina kidogo, subiri dakika kumi; usaha wa rangi ya krimu au njano ukichuruzika, toka kwenye shamba hilo, na kisu chako kipitishe motoni kabla hujakigusisha mgomba mwingine. Ugonjwa huu unatembea sana kwa panga. Tena usidanganyike kuchukua chipukizi zima kutoka shina la jirani kwenye shamba hilohilo, maana bakteria anaweza kujificha ndani ya chipukizi lisilo na dalili yoyote.

Panama, niliyoinunua mimi: majani ya chini yanageuka njano kuanzia kingoni, yanavunjika kwenye kikonyo na kuning'inia kuzunguka shina kama sketi. Shina hupasuka chini. Kisukari na Kimalindi ndio wahanga wake wakubwa. Mtwike inavumilia vizuri zaidi.

Kirusi cha kudumaza: majani yanatoka membamba, yamesimama wima, yamebanana juu kama fagio, na ukilishika jani kwenye mwanga unaona vinukta na vistari vya kijani kilichokolea kwenye mishipa. Burundi na Kongo wamekuwa nacho kwa muda, na kimeshaonekana Kigoma. Kama uko magharibi, usipokee chipukizi la zawadi hata kutoka kwa mjomba.

Shamba likikupendeza, chagua mama mwenye nguvu, ambaye umeshauona mkungu wake au mwenye shamba anakuambia ukweli kuhusu mkungu huo. Chipukizi lenyewe liwe lile lenye majani membamba yaliyochongoka kama upanga, urefu wa kuanzia goti hadi kiuno, na tunguu pana chini. Yale yenye majani mapana mapema, ambayo yanaonekana mazuri kwa macho, yana tunguu dogo na hayana akiba. Yaache.

Kuhusu aina, zalisha kile soko lako linachokula. Kwetu Mzuzu na Mkono wa Tembo havikai sokoni, Kisukari kina wateja wake, na Bukoba inapendwa na wanaokula ndizi kama chakula. Aina chotara nazo usizidharau: FHIA zilizaliwa Honduras na zikasambazwa Kagera kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2021 Tanzania iliidhinisha TARIBAN, zilizotokana na kazi ya pamoja ya watafiti wa Uganda na IITA (taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki) na kupimwa na TARI Maruku, kituo cha taasisi yetu ya utafiti wa kilimo kule Bukoba. Ukipata chipukizi moja la aina ya namna hiyo kutoka kituoni, boksi ndilo litakalokupa shamba.

Boksi

Tafuta kivuli kwanza. Chini ya mwembe panafaa, au jenga kichanja cha mita 2 kwenda juu na uezeke makuti kwa kuachanisha, mwanga upite nusu. Nailoni ikipigwa jua la saa sita moja kwa moja utapika matunguu badala ya kuyaotesha.

Chini ya kivuli hicho tengeneza boksi la mabanzi, yale mabaki ya pembeni ya gogo ambayo viwanda vya mbao huuza kwa bei ya kuni. Upana mita 1.2 ili mkono ufike katikati kutoka pande zote, urefu mita 3, kuta sentimita 40. Matofali ya kuchoma yanafaa vilevile. Chini tandika nailoni nzito na uitoboe matundu mengi: kazi yake ni kuzuia udongo wenye minyoo inayoshambulia mizizi usigusane na vumbi, huku maji yakipata njia. Juu pinda fito au mianzi iwe upinde, kisha funika kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, ishuke mpaka chini pande zote na uikandamize kwa mchanga au matofali. Upande mmoja uufunge kwa namna ya kufunguka kirahisi. Boksi la ukubwa huo linabeba matunguu 50 hivi.

Watu huuliza kama lazima liwe na mlango, dirisha, kipimajoto. Hapana.

Vumbi la mbao

Tunataka vumbi la msumeno, si maranda. Maranda ni yale mapande yaliyojikunja yanayotoka kwenye randa, na hayashiki maji. Vumbi liwe la mbao nyepesi nyeupe. Msindano ndio rahisi kupatikana, kwa kuwa mbao za Sao Hill zinauzwa kila mji. Mbao ngumu nyeusi zina utomvu wake unaoweza kuunguza macho. Na uliza kwa makini kama mbao hizo zilikuwa zimetiwa dawa ya mchwa. Mimi niliwahi kujaza boksi zima kwa vumbi la karakana moja lililokuwa na rangi ya ukijani. Nililiona, nikasema labda ni aina ya mti. Wiki sita, halikutoka hata jani moja.

Boksi la vipimo hivyo likijazwa sentimita 25 linameza madebe 45 hivi. Sasa lichemshe. Chukua pipa la lita 200, weka mawe na fito chini, mimina maji yasifike kwenye fito, kisha jaza vumbi lililolowana juu ya gunia, funika, washa moto. Mvuke ukianza kutokea juu, hesabu saa moja. Pipa moja linachukua madebe manane hivi, kwa hiyo ni kazi ya siku mbili, na kuni zake si mchezo. Ukiwa na muda lakini huna kuni, loanisha vumbi, litandaze juani kwa kina cha kiganja, lifunike kwa nailoni nyeupe iliyobana vizuri, uliache wiki nne hadi sita za jua kali. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuanza Julai au Agosti.

Likipoa, lijaze ndani ya boksi kwa chombo safi. Usilikanyage.

Siku ya kumenya

Jipange na mtu wa pili, ni kazi inayokwenda vizuri kwa mazungumzo. Mahitaji: panga la kuchongea, kisu kidogo chenye makali ya kweli, ndoo ya maji safi, ndoo ya pili yenye maji na jiki (kipimo kimoja cha jiki kwa vinne vya maji) ya kuchovya visu, sufuria kubwa jikoni, na mkeka safi au nailoni ya kuwekea.

Kwanza, chonga nje. Kata mizizi yote, kisha chonga ngozi ya tunguu nyembamba nyembamba mpaka ubaki weupe mtupu. Hapa ndipo tunguu linapokuambia siri zake. Vijitundu na vijinjia vyenye ungaunga ni vya fukusi. Vikiwa viwili vitatu vya juujuu vichonge viishe, vikiingia ndani litupe mbali na shamba. Mabaka mekundu-meusi kwenye mizizi na ngozi ni ya minyoo. Chonga mpaka yaishe. Michirizi ya kahawia au njano ndani ya nyama usiibembeleze: litupe, na visu vyote virudi kwenye jiki. Shina la juu lifupishe libaki sentimita 15 hadi 20, upate pa kushikia.

Pili, maji ya moto. Wataalamu wanasema nyuzijoto 55 kwa dakika 20, lakini nani ana kipimajoto jikoni? Njia iliyorahisishwa na IITA ni maji yanayotokota kabisa, tunguu lililochongwa likatumbukizwa kwa sekunde 30 tu na kutolewa. Tumbukiza moja au mawili kwa wakati, na subiri maji yatokote tena kabla ya mengine, maana matunguu ni ya baridi na yanashusha joto. Mimi huhesabu kwa sauti, moja hadi thelathini bila pupa. Joto hili linaua minyoo na mayai ya fukusi. Haliui Panama, haliui bakteria wa mnyauko, wala haligusi kirusi. Ukisikia mtu anasema amechemsha kwa hiyo machipukizi yake ni salama kwa kila kitu, hajaelewa kazi yake.

Tatu, sasa menya. Shika tunguu, tafuta ganda la nje kabisa. Likate kwa kulizungusha kisu, milimita 2 hivi juu ya ule mstari linapoungana na tunguu, kisha livue. Ukikata chini ya mstari unaondoka na jicho. Ukiacha ganda refu, litaoza na kuliozesha jicho pamoja nalo. Likivuka vizuri utasikia mlio mdogo kama wa kuvunja figili. Angalia pale kingo zilipopishana: jicho lile pale. Ganda la pili jicho lake litakuwa upande mwingine, la tatu tena kwingine, yanapanda kwa kuzunguka kama ngazi. Endelea ganda baada ya ganda, kwa kawaida manne mpaka sita, hadi katikati kubaki kishina cha unene wa sentimita 2. Kishina hicho kikate usawa wa tunguu.

Nne, uiue ncha. Katikati ya ule mduara uliobaki, chomeka ncha ya kisu na ukate msalaba, kushuka ndani sentimita 2 mpaka 3. Usikwangue kwa kina hadi ukatoboa tunguu, maana shimo hilo litashika maji. Halafu kila jicho kubwa linaloonekana likate msalaba mdogo wa juujuu kwa ncha ya kisu. Likigawanyika hutoa zaidi ya chipukizi moja. Mara ya kwanza mkono unatetemeka, unajiona unaua. Bibi mmoja jirani yangu, aliyekuja kuchungulia siku ile, alitazama matunguu yamelala uchi mkekani, akacheka: "Mjukuu wangu, mgomba si mnazi. Ukiukata kichwa ndiyo kwanza unaanza kuzaa."

Yaache kivulini siku moja mpaka mbili, mpaka juu pakaushwe na upepo. Yatageuka hudhurungi. Ni kidonda kinafunga, usiogope.

Ndani ya boksi

Panga matunguu juu ya vumbi, yakiangalia juu, yakiachana sentimita 5, kisha yafunike kwa vumbi la kina cha sentimita 5 hivi. Mwagilia kwa keni mpaka maji yaanze kutoka chini, funga nailoni.

Kuanzia hapo kosa kubwa ni huruma. Watu wanamwagilia kila asubuhi. Ndani ya nailoni maji hayaendi popote: yanapanda, yanaganda kwenye nailoni, yanadondoka tena. Chota vumbi kiganjani, libane. Likishikana bila kutiririsha maji, funga uende zako. Likimong'onyoka, mwagilia. Kwa joto la kwetu mimi humwagilia mara moja kila siku tatu au nne, na kuna wiki hata hiyo nairuka. Ukifungua ikakupiga harufu ya pombe iliyochacha, kuna tunguu linaoza: lifuatilie kwa mkono, litoe pamoja na vumbi lililolizunguka, na acha boksi wazi saa chache jioni. Asubuhi ukikuta matone kwenye nailoni, hali ni nzuri. Mchana ukiingiza mkono ukatamani kuutoa, joto limezidi, ongeza makuti juu.

Kati ya wiki ya pili na ya nne vumbi litaanza kupasuka, na vidole vya kijani au vyekundu, kutegemea aina, vitachomoza. Havitoki pamoja. Kuna tunguu litatoa saba kwa mkupuo na jirani yake likae kimya mwezi mzima kisha litoe. Usilifukue kulikagua.

Kukata mara ya pili

Hapa ndipo hesabu inapozidi, na ndipo wengi wanaposhindwa kwa kupenda. Chipukizi limefika unene wa kidole gumba, lina majani matatu manne, zuri, unataka kulichomoa ukapande. Usilichomoe. Fukua vumbi pembeni mpaka uone linapotokea, likate milimita 2 juu ya shingo yake, vua vijiganda vyake kama ulivyofanya kwa tunguu, na ncha yake ikate msalaba. Fukia tena. Kila moja litarudi na mawili, matatu, wakati mwingine matano.

Unaweza kurudia mara ya tatu. Zaidi ya hapo sishauri. Tunguu limekwisha akiba, miche inatoka myembamba kama nyasi, na uozo unakuwa mwingi. Kumbuka kuchovya kisu kwenye jiki kila unapotoka tunguu moja kwenda jingine, siyo ukimaliza boksi. Hata kama shamba ulilochukulia lilikuwa safi.

Kwenye viriba

Mche ukiwa na sentimita 10 hadi 15 na majani matatu, utenganishe na mama kwa kisu, ukichukua na kipande kidogo cha nyama ya tunguu na mizizi yake. Usiokuwa na mizizi usiutupe, utaota. Changanya udongo wa juu wa msituni madebe matatu, samadi iliyooza kabisa debe moja, mchanga debe moja. Samadi mbichi itaunguza kila kitu. Jaza viriba vyenye matundu, panda mche shingo ikiwa usawa wa udongo, mwagilia, kisha virudishe chini ya nailoni nyingine kivulini kwa wiki moja hadi mbili.

Kisha izoeshe jua. Siku mbili za kwanza fungua nailoni jioni tu, halafu na asubuhi, halafu iondoe kabisa, na mwishoni punguza makuti kidogo kidogo. Majani yaliyokulia kwenye mvuke ni laini kama ya mtoto, jua la ghafla hulikausha jani kwa saa moja. Wiki sita hadi nane tangu uingie kwenye kiriba mche una sentimita 30 na majani matano: uko tayari. Iliyo tofauti na wenzake, yenye majani ya mabaka au iliyodumaa, ing'oe.

Kama boksi limekushinda

Ipo njia ya uvivu, nayo si ya kudharau. Chagua shina changa zima shambani, ambalo halijatoa mkungu, pasua dirisha dogo chini ya shina karibu na udongo, ingiza kisu, iharibu ncha ya kukua, kisha rundika udongo na samadi kuzunguka tunguu. Majani yanabaki na kulilisha tunguu kwa muda, macho yanaamka palepale. Utapata machipukizi mengi kuliko kawaida kwa miezi michache, bila nailoni wala vumbi. Hayatafika idadi ya boksi, na yatabeba minyoo ya udongo ule, kwa hiyo yachonge na uyapitishe kwenye maji ya moto kabla ya kuyapanda.

Siku ya shimo

Shimo liwe sentimita 60 kila upande, lichimbwe mwezi mmoja kabla, udongo wa juu uchanganywe na samadi debe moja au mawili. Chana kiriba, usiubomoe udongo, panda jioni au siku ya mawingu. Miche hii haina akiba kubwa ya chakula kama chipukizi la kawaida, kwa hiyo mwezi wa kwanza usiuache ukapambana na magugu wala kiu. Tandaza nyasi, ila ziache kiganja kimoja kutoka kwenye shina, fukusi wasipate kitanda.

Matunguu yaliyochoka yakatekate vipande yakauke juani kabla ya kuyatupa kwenye mboji, na vumbi la mzunguko ule lipeleke chini ya miti ya matunda. Kwa mzunguko mpya chemsha jipya. Miche kumi iliyo bora mimi huipanda kando, mbali na njia ya watu na panga zao, naizungushia uzio wa fito na hakuna anayeruhusiwa kuingia na kisu ambacho sijakichovya mwenyewe. Agosti ijayo matunguu yanatoka humo.